Ukihama Android, usiache sauti nyuma

Wasee, juzi nilinunua iPhone ya ex-UK hapa Kenyatta Avenue, Nakuru, nikaiwasha papo hapo. Haraka hiyo nusura inipokonye shosho.

M-Pesa haikunisumbua, pesa ziko kwa laini, si kwa simu. Shida ilikuwa WhatsApp: sauti za marehemu shosho wa Njoro, akiniuliza mbona niliacha chuo. Nakala iliyo Google Drive haifunguki kwa iPhone. Tangu 2022, njia ni programu ya Move to iOS, na iPhone lazima iwe mpya au ifutwe kwanza.

Bahati, sikuwa nimeuza Android. Nikafuta iPhone, nikachomeka simu zote mbili kwa stima, nikangoja. Shosho akaongea.

Usiuze ya zamani kabla hujasikia sauti zako kwa mpya.