Nani Akabidhiwe Mbwa

Ukufunzi wa mbwa ni kazi isiyo na leseni katika nchi nyingi. Hata Marekani na Uingereza mtu yeyote anaweza kujiita mkufunzi na kupokea fedha za watu bila sheria kumuuliza alijifunza wapi. Vipo vyama vinavyotoa vyeti kwa wanaopenda kupimwa. Kimojawapo ni Certification Council for Professional Dog Trainers cha Marekani, kilichoanzishwa 2001, ambacho humtaka mwombaji awe amefunza kwa saa 300 kabla ya kufanya mtihani. Cheti cha aina hiyo ni nadra kuonekana Nairobi au Dar es Salaam, na vijijini ni nadra zaidi. Mzigo wa kumpima mkufunzi unabaki kwa mwenye mbwa.

Daktari wa mifugo yuko upande mwingine kabisa, maana yeye sheria inamjua. Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya 2003 na baraza linaloandikisha madaktari na wasaidizi wao. Kenya ina bodi inayofanya kazi chini ya sheria ya 2011. Msumbiji, kitivo kikongwe cha fani hiyo ni cha Universidade Eduardo Mondlane, Maputo, na wilayani shughuli za mifugo huangukia ofisi ya SDAE, idara ya shughuli za uchumi ya wilaya. Anayetaka kumchoma mbwa sindano ataje ameandikishwa wapi, na asione ameulizwa vibaya.

Diaca ni tarafa ya wilaya ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, kwenye njia ya kupandia Mueda. Huko, kama ilivyo ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Tanzania, katika vijiji vya Mtwara na Lindi, mbwa ana kazi: hulinda ua usiku, hufukuza nyani na nguruwe pori shambani, huandamana na wawindaji. Shule ya mbwa haipo. Mwalimu ni mwindaji mzoefu au jirani mwenye mkono wa wanyama, na mbwa mchanga mara nyingi hujifunza kwa kumfuata mkubwa. Kwa hiyo swali la nani anafaa kukabidhiwa mbwa lina uzito uleule kijijini kama mjini, hata pale ambapo malipo ni kuku au kibarua cha siku moja.

Chanjo hutangulia mafunzo. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote barani Afrika na Asia, watu kama 40 katika kila 100 wakiwa watoto wa chini ya miaka 15, na katika visa 99 kwa kila 100 mwenye kuambukiza ni mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna dawa ya kumponya. Wataalamu wanakadiria kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Wilaya ya Mocímboa da Praia ilipata pigo lake katika jambo hili pia. Vita vya waasi vilianza huko Oktoba 2017, mji ukatekwa nao Agosti 2020, ukakombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Mahali watu wamekimbia makazi, mbwa huachwa, na uchanjaji hukatika. Familia inayorejea na kumpokea mbwa aliyezagaa haiwezi kujua historia yake, hivyo ahesabiwe kuwa hajachanjwa. Mkufunzi au mtunzaji anayepokea mbwa bila kuuliza habari ya chanjo anahatarisha mbwa wote alio nao, na watoto wake mwenyewe. Hiyo pekee inatosha kumkataa.

Baada ya hapo ndipo huja suala la namna ya kufundisha. Wapo wanaoamini kwamba mbwa hawezi kutii bila fimbo, mnyororo mfupi au kola ya miiba. Mwaka 2020 watafiti wa Porto, Ureno, walichapisha matokeo ya mbwa 92 kutoka shule za mafunzo za eneo hilo. Waliofundishwa kwa kuvutwa na kuumizwa walionyesha dalili nyingi zaidi za mfadhaiko wakati wa somo, kama kulamba midomo na kupiga miayo, na baada ya somo mate yao yalikuwa na kotisoli nyingi zaidi, ambayo ni homoni ya mfadhaiko. Kwa mbwa wa ulinzi madhara yake ni makubwa. Mbwa anayepigwa kila anaponguruma hujifunza kunyamaza, lakini hofu iliyomfanya angurume inabaki. Siku atakapouma, atauma bila onyo.

Ushahidi kwamba zawadi hufundisha kuliko fimbo uko karibu na nyumbani, ingawa unatoka kwa mnyama mwingine. Shirika la APOPO, lililoanzishwa 1997 na lenye makao katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufunza panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini. Panya akipata harufu sahihi husikia mlio mfupi, kisha hupewa ndizi au karanga. Hapigwi. Baada ya takribani miezi tisa hupewa mtihani, na asipofaulu haendi uwanjani. Panya hao walifanya kazi Msumbiji tangu 2006, na Septemba 2015 nchi ikatangazwa kuwa haina tena maeneo ya mabomu yanayojulikana. Kama subira na chakula vinamfikisha panya kwenye kazi ambamo kosa moja huua mtu, mkufunzi anayesema mbwa haelewi ila kipigo anaeleza upungufu wake mwenyewe.

Usa River, karibu na Arusha, kuna funzo jingine. Tangu 2014 African Wildlife Foundation huandaa huko mbwa wa kunusa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona. Askari watakaowaongoza hufunzwa pamoja nao, kwa kuwa mbwa humtii mtu aliyejifunza kusema naye. Mkufunzi anayemchukua mbwa mwezi mzima, asiruhusu mwenyewe kutazama, kisha amrudishe akidai kazi imekwisha, anabaki na nusu ya elimu mkononi mwake. Mkufunzi wa kweli humfundisha na mwenye mbwa, na hufundisha mbele ya macho yake.

Maswali ya kumuuliza ni machache. Mbwa akikosea, utafanya nini? Akipatia, je? Jibu liwe wazi, lenye mfano. Mbwa alio nao watazamwe: wakimwona bwana wao wanakuja mkia ukitikisika, au wanajikunyata? Macho yao, mbavu zao, kupe masikioni na maji kwenye chombo husema mengi kuliko maneno ya mkufunzi. Anayeahidi kwamba mbwa mkali atapona kabisa kwa wiki moja aachwe.

Kwa mtunzaji wa muda, mwenye mbwa anaposafiri, kuna jambo la pwani ambalo lizungumzwe bila haya. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafi, yanayohesabu mate ya mbwa kuwa najisi na kutaka chombo kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Hata hivyo mbwa wa ulinzi, wa shamba na wa uwindaji ameruhusiwa, na Sura ya Maida, aya ya 4, inahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa. Jirani Mwislamu anaweza kuwa mtunzaji mzuri sana. Apelekewe mbwa pamoja na chombo chake, kamba yake na mahali pake pa kulala, ili asitiwe katika dhiki ya ibada.

Mtunzaji aachiwe pia kadi ya chanjo, jina la bwana mifugo wa kuitwa, na makubaliano kuhusu nani atalipia dawa. Aambiwe mbwa anaogopa nini na kama amewahi kuuma. Na ajue la kufanya mbwa akimuuma mtu: jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, majeruhi apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, na mbwa asiuawe kwa hasira, bali afungwe na kuangaliwa kwa siku 10.