Tairi la matope au la njia zote? Hesabu kabla ya mvua

WAFANYABIASHARA wanaofuata mazao vijijini kwa magari ya foweli wamekuwa wakipata hasara ambayo haionekani katika daftari la mauzo, nayo hutokana na kununua matairi yasiyolingana na njia wanazopita. Wapo wanaofunga matairi ya meno makubwa kwa kuyapenda sura, kisha gari likaishi kwenye lami mwaka mzima. Wapo pia wanaobana matumizi kwa tairi la kawaida, halafu mzigo ukalala siku tatu kwenye tope huku bei ya soko ikishuka.

Uamuzi huo una uzito zaidi sasa kwa sababu matairi ya magari hayo kwa sehemu kubwa huagizwa kutoka nje. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichoanza kuzalisha mwaka 1971, kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Kiwanda cha Sameer cha Nairobi nacho kilifungwa mwaka 2016. Kwa hiyo bei ya dukani hufuata dola, nauli ya meli na ushuru, na anayekosea kuchagua hulipia kosa lake kwa fedha za kigeni.

Tofauti iko wapi

Sokoni zipo aina mbili kuu. Ya kwanza ni tairi la matope, ambalo ubavuni huandikwa herufi M/T. Ya pili ni tairi la njia zote, lenye herufi A/T.

Tairi la matope lina meno makubwa yaliyoachana, na mifereji mipana kati yake. Kazi ya mifereji hiyo si kushika tope bali kulitupa. Gurudumu linapozunguka, tope hurushwa nje, jino likapata nafasi ya kuuma tena udongo ulio chini. Aghalabu meno hayo huteremka hadi mabegani mwa tairi ili yasaidie gari linapotembea ndani ya mifuo iliyochimbwa na malori. Matairi mengi ya aina hii pia huimarishwa ubavu kwa tabaka la ziada, jambo linalosaidia dhidi ya miiba ya migunga na visiki.

Tairi la njia zote lina meno madogo yaliyokaribiana, na mipasuo midogo juu ya kila jino. Mpira mwingi zaidi hugusa barabara kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo sababu breki hushika vizuri zaidi kwenye lami yenye maji, kelele huwa kidogo, na tairi huisha kwa usawa.

Hapa wanunuzi wengi hupotezwa na alama moja. Herufi M+S hazina maana sawa na M/T. M+S ni tamko la mtengenezaji kwamba tairi linafaa kwa tope na theluji kwa kiasi fulani, na huonekana kwenye matairi mengi ya njia zote na hata ya barabarani. Anayeuziwa tairi la M+S kwa bei ya tairi la matope ameibiwa mchana.

Barabara ndiyo inayoamua

Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopatikana katika nyanda za Shinyanga na katika mabonde mengi nchini, ndio unaoyapa matairi ya matope sifa yake. Mvua ikinyesha udongo huo hunata kama ulimbo. Mifereji myembamba ya tairi la njia zote hujaa baada ya mizunguko michache, na kuanzia hapo gurudumu huwa laini kama kipara. Tairi la matope huendelea kujisafisha. Hata hivyo si muujiza: tope linapokuwa zito mno, nalo hujaa, na dereva hubaki na koleo na jeki.

Kwenye barabara za changarawe hali ni nyingine. Gari la utalii linalotoka Arusha hupita lami hadi lango la Lodoare, Ngorongoro, kisha huingia njia ya changarawe ya kuelekea Serengeti. Mawe makali hung'oa vipande vya meno marefu, na kokoto hukwama katikati ya mifereji mipana. Katika mazingira hayo tairi la njia zote lenye tabaka nyingi hudumu zaidi. Gari lilelile likiingia nyanda za Ndutu wakati wa mvua, hesabu hugeuka.

Mchanga nao una sheria yake. Katika makorongo ya Dodoma na Singida, meno makubwa huchimba shimo na kuzamisha gari. Kinachohitajika ni tairi kuelea juu ya mchanga, na tairi la njia zote lililopunguzwa upepo hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Lami yenye maji ni mahali ambapo tairi la matope ni dhaifu kabisa. Mpira unaogusa barabara ni kidogo, hivyo gari huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Mwenye gari linaloshuka Kitonga au Sekenke na mzigo wakati wa mvua anapaswa kuliweka jambo hilo mbele ya sura ya tairi.

Hesabu ya kilomita

Mfanyabiashara makini haulizi tairi ni bei gani tu, bali kila kilomita inamgharimu kiasi gani. Tarakimu zifuatazo ni za mfano wa hesabu, si bei ya soko, na kila mmoja anaweza kuweka zake mahali pake.

Ichukuliwe kwamba matairi manne ya njia zote ni Sh 1,600,000 na yanatembea kilomita 60,000. Gharama ni karibu Sh 27 kwa kilomita. Matairi manne ya matope ni Sh 2,000,000 na yanatembea kilomita 40,000, kwa sababu meno yake huliwa upesi kwenye lami. Hayo ni Sh 50 kwa kilomita. Tofauti ni kama Sh 23.

Bado mafuta. Tairi la matope ni zito na huburuta zaidi. Gari linalotumia lita 12 kwa kilomita 100 likiongeza matumizi kwa asilimia 5, litakula lita 12.6. Dizeli ikiwa Sh 3,000 kwa lita, nyongeza ni Sh 18 kwa kilomita. Jumla ya tofauti inakaribia Sh 41.

Kwa gari linalotembea kilomita 30,000 kwa mwaka, tofauti hiyo ni kama Sh 1,240,000. Hiyo ndiyo bei halisi ya kutembea na meno makubwa mwaka mzima.

Sasa upande wa pili wa mizani. Gari likikwama, kuna trekta la kuvuta, posho ya dereva na taniboi kwa siku ya ziada, na mzigo unaoharibika au kukosa gulio. Ikiwa kukwama mara moja kunagharimu Sh 250,000, basi tairi la matope hujilipa pale tu linapomwepusha mwenye gari kukwama mara 5 kwa mwaka. Mnunuzi wa mpunga anayeingia vijiji vya Mlimba na Malinyi wakati wa mvua anaweza kufikisha idadi hiyo ndani ya mwezi mmoja. Mwenye duka la jumla wa Moshi anayekwenda kijijini mara moja kwa wiki huenda asiifikishe kabisa.

Aidha, aina ya mzigo hubadili hesabu. Mahindi makavu yaliyofunikwa turubai yanaweza kulala njiani usiku mmoja bila hasara kubwa. Nyanya, maziwa na samaki wabichi hayasubiri. Anayebeba bidhaa hizo anaweza kupoteza zaidi ya bei ya tairi zima kwa safari moja.

Kusoma ubavu wa tairi

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi hana budi kusoma mambo manne.

Kwanza ni saizi. Tairi la 265/75R16 lina kimo cha milimita 804, wakati la 265/70R16 lina milimita 777. Anayebadilisha la pili kwa la kwanza huongeza kimo kwa zaidi ya asilimia 3. Spidomita ikionyesha kilomita 80, gari kwa kweli liko karibu 83, na tairi linaweza kugusa fenda usukani unapokatwa.

Pili ni namba ya uzito. Namba 112 maana yake tairi moja hubeba kilo 1,120, na namba 120 ni kilo 1,400. Kwa ekseli ya nyuma yenye matairi mawili, tofauti ni kilo 560, yaani zaidi ya magunia matano ya kilo 100. Tairi la meno makubwa lenye namba ndogo litapasuka chini ya mzigo ambao tairi la njia zote lenye namba kubwa lingeubeba salama. Ukali wa sura si kipimo cha nguvu.

Tatu ni herufi ya mwendo. Matairi mengi ya matope huandikwa Q, yaani mwisho wa kilomita 160 kwa saa. Hiyo inatosha kwa gari la mizigo.

Nne ni umri. Mwishoni mwa namba inayoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, na jua la mlangoni mwa duka huuzeesha upesi zaidi. Kwa matairi ya mtumba jambo hili ni la lazima, kwani meno yanaweza kuwa marefu huku ubavu umeanza kupasuka.

Kuhusu urefu wa meno, nchi nyingi huweka mwisho wa milimita 1.6 kwa usalama wa barabarani. Kwenye tope tairi hupoteza uwezo mapema zaidi ya hapo. Tairi la matope lililobakiwa na meno mafupi halina faida ya aina yoyote kati ya hizo mbili: halishiki tope, na lami nayo halijapata kuishika vizuri.

Njia za kati

Baadhi ya wenye magari hufunga matairi ya matope nyuma na ya njia zote mbele ili kupunguza gharama. Njia hiyo ina hatari. Vimo visipolingana, gari lenye foweli ya kudumu huumiza difu na gia boksi, na kwenye lami yenye maji mbele na nyuma havishiki kwa pamoja. Kilicho salama zaidi ni kuwa na seti mbili kamili zenye ringi zake, moja ya masika na nyingine ya kiangazi, kwa mwenye mtaji wa kutosha. Seti hizo mbili hudumu muda mrefu kwa kuwa kila moja hupumzika nusu ya mwaka.

Katika miaka ya karibuni imeingia pia aina ya kati yenye herufi R/T. Ina meno makubwa mabegani na yaliyokaribiana katikati. Humfaa mwenye safari za nusu lami na nusu njia mbovu.

Lililo rahisi kuliko yote ni upepo. Kupunguza upepo kwa kiasi cha robo unapoingia mchanga au tope laini hupanua sehemu ya tairi inayogusa ardhi, mradi gari liende polepole na lisiwe na mzigo wa kupita kiasi. Ni lazima upepo urudishwe kabla ya kupanda lami, kwani tairi lenye upepo mdogo hupata joto na kupasuka. Pampu ndogo na kipimo cha upepo ni bei ndogo kuliko kukodi trekta mara moja.

Kwa wenye maduka

Anayeuza matairi naye ana hesabu yake. Tairi la matope huuzwa kwa msimu, na likikosa msimu hulala na mtaji. Mikoa ya kaskazini na pwani ina mvua mara mbili, vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Mikoa ya kusini, magharibi na kati ina msimu mmoja mrefu unaoanza karibu Novemba na kuishia Aprili au Mei. Mwenye duka wa Arusha ana madirisha mawili mafupi ya kuuza, na wa Mbeya au Sumbawanga ana moja refu.

Kwa kuwa mzigo wa meli huchukua wiki nyingi, oda inayotolewa mvua ikiwa imeshaanza hufika jua likiwaka. Busara ni kuweka akiba kubwa ya matairi ya njia zote, ambayo hutoka mwaka mzima, na kiasi kidogo cha matairi ya matope katika saizi zinazotembea eneo husika. Kabla ya kuagiza, muuzaji afanye utafiti rahisi: ahesabu magari yanayoegeshwa sokoni siku ya gulio na kusoma saizi zake.

Kwa ufupi, gari ambalo zaidi ya nusu ya safari zake ni lami na changarawe linahitaji matairi ya njia zote yenye namba ya uzito inayotosha mzigo. Gari linaloishi kwenye udongo mweusi wakati wa mvua, likibeba bidhaa zisizosubiri, linahitaji matairi ya matope. Kati ya hayo mawili, daftari la safari za mwaka uliopita litatoa jibu la uhakika kuliko maneno ya muuzaji.