Tumbo linalouma siku ya mtihani wa Hisabati

Mzazi mwenzangu, Septemba ni mtihani wa Darasa la Saba na Oktoba ni Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Hapa Urambo, mtoto wako akilalamika tumbo au kichefuchefu asubuhi ya Hisabati, usimwite mvivu. Wala usikimbilie kumnunulia dawa dukani.

Kwanza hakikisha si ugonjwa

Mkoa wetu wa Tabora una malaria nyingi. Mtoto mwenye homa apimwe siku hiyohiyo, hata kama kuna mtihani. Mwahishe pia kituo cha afya akitapika kila anachokula, maumivu yakimwamsha usiku, yakihamia chini kulia mwa kitovu, au akipata choo chenye damu.

Mitihani ya shuleni ya Machi huangukia msimu wa kuchuma tumbaku. Nikotini hupenya kwenye ngozi, hasa majani yakiwa na umande au mvua, na humletea mtoto kizunguzungu, kichwa kuuma na kutapika. Mtoto asiguse tumbaku mbichi kabisa.

Lakini kama tumbo linauma karibu na kitovu, hakuna homa, na Jumamosi mtoto ni mzima anacheza, yawezekana ni hofu.

Hofu inafanya nini mwilini?

Maumivu hayo mtoto hajayatunga. Mtu akiogopa, mwili hutoa homoni ya adrenalini: moyo unakwenda mbio, viganja vinatoka jasho, tumbo linasokota.

Kichwani nako kuna shida. Mtoto akizidisha 47 kwa 6, anaanza na 7 mara 6, anapata 42. Anaandika 2, anabeba 4. Hiyo 4 anaishikilia kwenye kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo nafasi yake ni ndogo. Wazo la "nikikosa nitachapwa" likiingia, linachukua nafasi hiyohiyo, na 4 inapotea. Ndiyo maana aliyepata swali nyumbani hulikosa darasani. Fimbo na vitisho huongeza hofu, haviongezi hesabu.

Wiki tatu kabla

Mpe dakika 20 za mazoezi kila siku badala ya saa nne za usiku mmoja. Hata kama hukusoma sana, mwambie akueleze kila hatua kana kwamba anakufundisha wewe. Akikwama, utaona alipokwama.

Tumia hesabu za nyumbani: bei ya kilo tatu za karanga, chenji ya dukani, magunia ya mahindi. Mara mbili kwa wiki mpe maswali machache kwa saa ya simu, ili muda usiwe kitu kigeni kwake.

Acha kusema mbele yake kwamba hesabu zilikushinda hata wewe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2015 ulionyesha kuwa watoto wa wazazi wanaoogopa hesabu walijifunza kidogo zaidi, hasa pale wazazi hao walipowasaidia kazi za nyumbani mara kwa mara. Kama wewe ni mmoja wao, sikiliza na tia moyo. Maelezo mwachie mwalimu au kaka yake.

Akinakili tarakimu vibaya kutoka ubaoni, apimwe macho.

Usiku na asubuhi ya mtihani

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Anayeamka saa 11 alfajiri awe amelala saa 2 usiku, ndani ya chandarua. Asubuhi asiende na njaa: uji wenye karanga, au matobolwa na chai, vinatosha. Anywe na maji.

Mfundishe kuvuta pumzi taratibu mara tano kabla ya kufungua karatasi, kisha aanze na swali analoliweza.

Akirudi, usianze na "umepata ngapi?" Muulize swali lipi lilikuwa gumu, mlifanye pamoja.

Kama hofu inadumu kwa wiki kadhaa, hataki shule au halali, zungumza na mwalimu wake na mlete kituoni. Muulize kwa upole, mkiwa wawili tu, kama kuna anayempiga au kumdhihaki. Jibu lake laweza kuwa ndiyo tiba anayoihitaji.