Kufundisha Utunzaji wa Mafaili kwa Amri za Kompyuta

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha TEHAMA aghalabu huanza na orodha ya amri. Wanafunzi huzikariri, kisha hushindwa kuzitumia, kwa kuwa hawajui wamesimama wapi ndani ya kompyuta. Kwa hiyo somo lianze na mahali, ndipo zifuate amri.

Hatua ya kwanza haihitaji kompyuta. Mwalimu achukue maboksi matatu yanayoingiana: kubwa liandikwe kigoma, la kati kasulu, na dogo titye. Ndani ya titye aweke karatasi iitwayo alama. Boksi ni mfano wa saraka, ambayo wengi huiita folda. Karatasi ni mfano wa faili. Anwani ya karatasi hiyo, kutoka nje kwenda ndani, ni kigoma/kasulu/titye/alama. Kisha atie boksi la kibondo ndani ya kigoma, na humo aweke karatasi nyingine iitwayo alama. Wanafunzi wataona kwamba majina yaweza kulingana, maadamu anwani ni tofauti.

Hatua ya pili ni kuunda saraka hizo hizo katika kompyuta. Mpango huu unatumika katika Unix, mfumo ulioanzishwa Marekani mwaka 1969, na katika Linux, iliyotokea mwaka 1991. Amri za kuanzia ni hizi:

pwd: nimesimama wapi?
ls: humu mna nini?
cd kasulu: ingia kasulu.
cd .. : toka nje hatua moja.
mkdir titye: unda saraka ya titye.
cp alama nakala: nakili faili.
mv alama matokeo: badili jina, amri hii pia huhamisha.
rm alama: futa faili.

Mwanafunzi azoezwe kutumia pwd na ls, na kusoma majibu kwa sauti, kabla ya kuhamisha au kufuta chochote. Amri ya rm haipeleki faili katika kapu la taka. Huliondoa moja kwa moja. Mwalimu anayedhani yumo kibondo, kumbe yumo titye, aweza kupoteza alama za darasa zima kwa mstari mmoja. Basi rm ifundishwe mwisho, kwa mafaili ya mazoezi, na kwa umbo la rm -i, ambalo huuliza kwanza. Wakumbushwe pia kwamba Alama na alama ni majina mawili, na kwamba jina lisiwe na nafasi katikati.

Katika kupima, mwalimu asiulize maana ya mv. Atoe kazi: “Umesimama kibondo. Peleka faili la alama katika saraka ya titye.” Atakayeandika mv alama ../kasulu/titye atafuta alama za Titye bila kuonywa, kwani faili jipya litachukua nafasi ya lile la zamani. Jibu la salama ni mv alama ../kasulu/titye/alama_kibondo. Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti ya majibu hayo mawili amelielewa somo.