Tembo, Mvinyo na Divai: Majina ya Vileo katika Kimvita

Mfasiri anayetafuta jina la kileo cha zabibu katika kamusi za Kiswahili hupewa maneno mawili, mvinyo na divai, na mara nyingine huongezewa la tatu, tembo. Ni rahisi kudhani kwamba haya ni visawe, na kwamba kuchagua mojawapo ni jambo la ladha tu. Dhana hiyo haisimami katika Mji wa Kale wa Mombasa. Katika mitaa kama Kuze, Kibokoni na Mkanyageni, ambako Kimvita ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani kwa karne nyingi na sharia ya Kiislamu ndiyo mwongozo wa chakula na kinywaji, kila neno lina mahali pake na hukumu yake.

Tembo ndilo lililozama zaidi katika maisha ya watu. Kwa Kimvita asilia tembo si mnyama. Mnyama huyo ni ndovu, na tembo ni maji yagemwayo mnazini. Mkutano wa 1928 ulioteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa penyewe, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba mtoto wa Mombasa aliyeingia shule alimkuta tembo mwenye pembe katika kitabu chake cha kusomea, ilhali nyumbani kwao neno hilo lilikuwa la kutamkwa kwa hadhari mbele ya wazee.

Sarufi nayo hutenga maana hizo mbili bila ya shida. Tembo wa mwituni huchukua upatanisho wa viumbe hai: tembo amekuja. Tembo la mnazi limo katika ngeli ya JI-MA: tembo hili limechacha. Ushahidi ulio bora ni methali ijulikanayo pwani nzima, Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kiambishi -li- katika kitenzi hulitia hakimwachii msikilizaji nafasi ya kukosea. Kwa sababu hiyo mtungaji wa kamusi hana budi kuyaweka maneno haya chini ya vidahizo viwili, kila kimoja na ngeli yake, wala si kuyakusanya chini ya kimoja kama maana ya kwanza na maana ya pili.

Ugumu halisi uko kwingine. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akakata kwa kotama ncha ya shina la maua ambalo bado limo ndani ya karara, akaning'iniza kibuyu cha kukingia. Maji yatokayo ni matamu na hayalevyi. Huitwa tembo tamu. Kwa kuwa chachu imo hewani na imo katika kibuyu chenyewe, uchachukaji huanza mara moja, na kabla ya siku kwisha tembo limekuwa kali, lenye kileo cha kiasi cha asilimia 4 au 5. Likiachwa siku kadhaa zaidi huwa siki. Likikenekwa hutoa kileo kikali ambacho kamusi za karne ya 19 hukiita zarambo. Kiowevu ni kimoja, na kinachokibadilisha jina ni saa zilizopita na kazi ya mikono.

Fasili ya kwamba tembo ni "pombe ya mnazi" ina makosa mawili basi. Pombe kwa asili ni kinywaji cha nafaka, kama vile mtama au mahindi, ambacho hupikwa, tembo halipikwi. Tena tembo tamu si kileo hata kidogo. Mombasa kosa hili la pili si dogo, kwa kuwa hapo ndipo ulipo mpaka wa halali na haramu. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, tembo tamu ni halali na tembo kali ni haramu. Siki nayo ni halali ikiwa imejigeuza yenyewe, lakini si halali ikiwa imegeuzwa kwa kutiwa kitu. Mama wa nyumbani anayeuliza kama siki ya achari yake imetokana na tembo, na iligeukaje, anauliza swali la fikihi ambalo ni swali la maana ya maneno vilevile.

Swali hili lina historia ndefu nje ya pwani. Wanazuoni wa zamani wa Kufa, ambao madhehebu ya Hanafi yalitoka kwao, walishikilia kwamba neno la Kiarabu khamr kwa hakika yake ni kileo cha zabibu mbichi, na kwamba vinywaji vingine vina hukumu tofauti. Wanazuoni wa Kishafii walilipanua neno likumbatie kila kilevyacho. Lau maana finyu ndiyo iliyofika Mombasa, mji usio na mizabibu, jina hilo lingekuwa karibu tupu. Maana pana ndiyo iliyofika, na tembo likaingia humo moja kwa moja.

Mzizi wa kh-m-r wenyewe umeacha matunda yasiyo na hatia. Hamira imetokana nao, na vivyo hivyo mahamri, maandazi yaliyoumuliwa ambayo huliwa na mbaazi za nazi asubuhi huko Kuze na mitaa jirani. Anayeyala hafikirii kwamba jina lake ni ndugu wa jina la kileo, ingawa jambo linalounganisha mawili hayo ni moja, uchachukaji. Mzizi wa sh-r-b umekwenda njia ya namna hiyo: Waajemi na Wahindi wamepata humo sharab, yaani kileo, Waswahili wamepata sharubati ya kumkaribishia mgeni. Zabibu pia limesogea. Kwa Kiarabu zabib ni tunda lililokaushwa. Kwa Kiswahili ni tunda lolote la mzabibu, bichi au kavu. Inaelekea pwani ililijua likiwa kavu ndani ya majahazi kabla ya kuliona mtini.

Mvinyo ni neno la Wareno, kutoka vinho. Vasco da Gama alitia nanga Mombasa mwaka 1498, ujenzi wa Ngome ukaanza 1593, na utawala wa Wareno ukang'olewa 1698. Katika muda huo Kiswahili kilichukua pipa na kopo pamoja na kinywaji chenyewe, nacho kikakipa kiambishi m- na kukiingiza katika ngeli ya mti: mvinyo huu, mivinyo hii. Baadaye maana ilielekea kwenye ukali. Kamusi za zamani hulitumia neno hili hata kwa vileo vilivyokenekwa, na mzee wa Mombasa asemapo mvinyo hana lazima ya kukusudia zabibu.

Divai limefika kwa mlango mwingine. Aghalabu huelezwa kuwa ni du vin ya Kifaransa, na maelezo hayo yanaafikiana na historia ya mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofika Unguja 1863 na kuanzisha misheni ya Bagamoyo 1868. Kwa hiyo neno lina harufu ya altare zaidi kuliko ya baa. Biblia ya tafsiri ya Umoja ya 1952 hutumia yote mawili: harusini Kana pana divai, na katika Mithali mna mvinyo. Huko Dodoma, ambako mizabibu hustawi, kinachouzwa katika chupa ni divai.

Jirani za Mombasa wana neno lao. Kwa Wagiriama kileo cha mnazi ni uchi, neno linalomfanya Mswahili acheke kwanza. Lakini Wakamba wana uki kwa kinywaji chao, na uhusiano wake na nyuki, yaani na kileo cha asali, ni wa kuaminika. Wagema wa kisiwani na bara yake wametoka kwa wingi katika jamii za Mijikenda, na mangwe, yaani mahali panapouzwa kinywaji hicho, ni zao la mkutano huo wa watu wawili. Huko mangweni neno tembo lenyewe linapungua. Mnywaji wa leo huagiza mnazi. Jina la mti limepewa kinywaji, na upatanisho umefuata: mnazi umeisha, mnazi umechacha. Mnyama wa kitabu cha shule ameachiwa jina lake, na -li- ya methali inazidi kuhitaji kuelezwa kwa wanafunzi.