Majitu ya Plastiki na Mizani ya Kuyapimia

Mwezi wa Julai mwaka 1980, nusu mwaka baada ya televisheni ya Japani kumaliza kuonyesha mchezo wa katuni uliokusudiwa kuwa na sehemu 52 ukakatizwa kwenye ya 43 kwa uchache wa watazamaji, kampuni ya Bandai ilipeleka madukani kisanduku cha yeni 300 chenye vipande vya plastiki nyeupe, gundi kidogo na karatasi ya maelekezo. Mchezo ule ni Mobile Suit Gundam, mwelekezi wake Yoshiyuki Tomino, na jitu lenyewe la roboti lilibuniwa na Kunio Okawara. Na mtoto aliyekuwa na subira ya kuviunga vipande, kuvipaka rangi kwa brashi na kungoja vikauke, alijipatia sanamu ya roboti yenye kimo cha sentimita 12 na nusu, yenye viungo vichache na vigumu, lakini iliyokuwa mali yake kwa jasho lake. Mchezo ulirudiwa kuonyeshwa, ukapendwa kuliko mara ya kwanza, na visanduku vya ukoo huo, ambavyo Wajapani huviita Gunpla, hadi leo vimepita milioni 500.

Kazi kama hiyo, ikishamalizika na kusimamishwa mezani, aghalabu huhukumiwa kwa jicho la haraka: yule husema nzuri, yule husema mbaya, na wote wawili huwa wametazama rangi tu. Lakini katika kila jitu la namna hii mna mafundi wawili wasiojuana, mmoja aliyechonga kalibu ya chuma kiwandani, na mwingine aliyeketi nyumbani kwake na koleo na msasa. Na mwamuzi asiyejua tabia ya plastiki humtwisha wa pili taksiri ya wa kwanza, au humvika wa kwanza sifa aliyoichuma wa pili. Ndiyo maana nadhani elimu ya kuamua sanamu hizi ni tawi dogo la fizikia na kemia kabla ya kuwa tawi la sanaa.

Tuanze na hesabu, kwani ndani yake mna kichekesho. Jitu la kwanza la Gundam, liitwalo RX-78-2, husemwa na wenye hadithi yake kuwa na kimo cha mita 18 na uzito wa tani 43.4 bila zana. Mtu wa mita 1.8 ni sehemu moja ya kumi ya kimo hicho. Na kwa kuwa mwili hupungua kwa urefu, kwa upana na kwa unene pia, uzito wa jitu lililopunguzwa kufikia kimo cha mtu lazima ugawanywe kwa elfu moja, nao ukigawanywa hubaki kilo 43.4, yaani uzito wa mtu mzima aliyekondeshwa na maradhi, ilhali huyu tumeambiwa ni wa madini tangu utosi hadi unyayo. Geuza hesabu: mtu wa kilo 70 akikuzwa mara kumi atakuwa na tani 70 za nyama na mifupa, na kwa kuwa uzito wa mwili wetu haupishani sana na uzito wa maji ya ujazo ule ule, hutokea kwamba jitu la Gundam likitoswa baharini halitazama, bali litaelea kama dau, hata likiwa limebeba zana zake zote na kufika tani 60. Waliobuni hadithi hawakukusudia hilo, nami siwalaumu. Walikuwa wakiuza ndoto, na ndoto haiwekwi kwenye mizani ya bandarini.

Aliyeziweka ndoto za namna hiyo mizanini ni Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alipobainisha kwamba nguvu za mfupa hufuata eneo la mkato wake, amma uzito wa mwili hufuata ujazo, hivyo kila kiumbe kikuzwapo bila kubadilishwa umbo, uzito huishinda nguvu. Wajapani wenyewe walilishuhudia jambo hili huko Yokohama, ambako tangu Desemba 2020 hadi Machi 2024 palisimamishwa Gundam wa mita 18 aliyeweza kuinua mguu, kupiga goti na kunyoosha kidole: wahandisi walimpunguza hadi kufikia tani 25 hivi, na hata hivyo hakutembea kwa miguu yake, bali alishikwa kiunoni na kigari kilichofungwa kwenye mnara nyuma yake.

Kwenye meza ya fundi sheria ile ile hugeuka kuwa rehema. Kipimo cha 1/144 kikitumiwa, uzito wa tani 43.4 hugawanywa kwa karibu milioni tatu na kuwa gramu 14 na nusu, mzigo ambao mguu wa plastiki huuchukua bila kuuhisi, na ndiyo sababu sanamu ndogo husimama kwa mguu mmoja huku imeinua upanga, jambo ambalo lile la Yokohama halikulidiriki. Lakini rehema hiyo hupungua kadiri sanamu inavyokua, na hapa pana siri ambayo wanunuzi wengi hugundua baada ya kulipa. Ukikuza sanamu mara mbili kwa kila upande, mkono wake huwa na uzito mara nane, nao huning'inia mbali na bega mara mbili, hivyo nguvu ya kuushusha huongezeka mara 16. Na huku nyuma, msuguano wa kiungo unaoushikilia, ukitegemea eneo la kugusana na unene wa mhimili, huongezeka mara nane tu. Kiungo kimeachwa nyuma nusu kwa nusu. Kwa hiyo daraja la Master Grade la mwaka 1995, lenye kipimo cha 1/100 na kimo cha sentimita 18, na zaidi yake Perfect Grade la 1/60, ambalo Gundam wake wa mwaka 1998 ana kimo cha sentimita 30, yalihitaji mifupa ya ndani, skrubu na viungo vilivyobuniwa upya, wala haikutosha kuchukua kile kidogo na kukipanua. Mkono unaolegea wenyewe katika sanamu kubwa usihesabiwe kwa fundi wa nyumbani mpaka kiungo kimekaguliwa.

Sasa tuingie kiwandani. Majitu haya hutoka Shizuoka, mji ulio baina ya Tokyo na Nagoya, wenye umaarufu wa useremala tangu zama za watawala waliojenga mahekalu yake, na ambao baada ya Vita vya Pili vya Dunia uliacha polepole kutengeneza vielelezo vya mbao ukahamia kwenye plastiki. Tamiya, kampuni inayojulikana ulimwenguni kwa vifaru na magari madogo, ilianza huko mwaka 1946 kama biashara ya mbao. Bandai iliingia hapo mwaka 1969 kwa kununua kiwanda na kalibu za kampuni nyingine iliyokwama, na mwaka 2006 ilifungua huko kiwanda kipya.

Punje za polistirini huyeyushwa kwa joto la nyuzi 200 na zaidi, zikasukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu iliyofungwa, zikapita katika mifereji mpaka kwenye kila tundu lenye umbo la kipande, kisha kalibu hupoozwa na kufunguliwa. Kinachotoka ni fremu ya vijiti, na kila kipande kimening'inia kwa vikonyo vyake. Tazama mambo matatu yanayozaliwa hapo hapo, kabla mnunuzi hajaona hata picha ya kisanduku. La kwanza, mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana hubaki mstari mwembamba kama unywele. Pili, plastiki ikipoa husinyaa, na kwa polistirini kusinyaa huko ni baina ya sehemu nne na saba katika kila elfu, hivyo mchonga kalibu hulazimika kuchonga kikubwa ili apate kidogo, naye akikosea hata sehemu chache za mia za milimita, mhimili utapwaya au utakwama. Tatu, penye ngao nene tumbo la plastiki huchelewa kupoa kuliko ngozi yake, likaivuta ngozi ndani, pakaonekana kibonyo kidogo ambacho huwezi kukiona ila ukiigeuza sanamu kwenye mwanga wa dirisha. Mstari na kibonyo ni vya kiwanda. Kuviacha ni kwa fundi. Hapo ndipo hukumu inapogawanyika, na mwamuzi mwadilifu huziandika mbili.

Ustadi wa Shizuoka ulio mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, haumo katika uso wala pembe za dhahabu bali katika viungo. Mafundi wa zamani walisugua polistirini kwa polistirini, na kiungo kikalegea baada ya michezo michache. Wa baadaye walitia kati kikombe kidogo cha polietilini, plastiki laini na telezi ambayo hubana mhimili na kulirudia umbo lake, na ambayo, kwa bahati njema, gundi ya polistirini haiishiki. Kisha wakafika kwenye daraja la Real Grade, mwaka 2010, ambamo mifupa ya mkono mzima hutoka kalibuni ikiwa imekwisha kuungana: plastiki moja huganda, ya pili isiyopatana nayo ikamiminwa kuizunguka, na kwa kuwa hazishikani, kipande hukatwa kutoka kwenye fremu kikiwa tayari kinakunja kiwiko. Kadhalika mashine zao huweza kumimina rangi nne katika fremu moja, hivyo jitu hutoka na nyeupe, bluu, nyekundu na manjano yake bila tone la rangi, wala halihitaji gundi. Wako wazee wa sanaa hii wanaosikitika kwamba kazi imerahisishwa mno. Mimi naona ugumu umehama tu, umetoka kwenye brashi ukaingia kwenye koleo.

Kwani kukata kikonyo ndiko kunakomfichua fundi. Mwenye haraka huegemeza koleo kwenye kipande na kukata mara moja. Mwenye kujua hukata kwanza mbali, akabakiza kisiki cha milimita mbili au tatu, kisha hukata tena karibu, akamalizia kwa kisu chembamba na msasa wa namba 400, wa 600, na wa 800 au 1000. Sababu yake ni hii: polistirini ni minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana bila mpango, na koleo linapobana kijiti kinene, plastiki iliyo jirani hupindwa kabla ya kukatika, minyororo ikavutwa na kuachana, na baina yake ikafunguka mianya midogo mno ambayo hutawanya mwanga. Hilo ndilo doa jeupe unaloliona. Si vumbi wala si rangi, ni jeraha lililo ndani, na msasa hauliondoi ila uimalize ile nyama yote iliyojeruhiwa. Ukikata mara ya kwanza mbali, jeraha hubaki kwenye kisiki, nacho hutupwa.

Mstari wa kati ya nusu mbili za mkono, kwa upande wake, hufutwa kwa kemia. Gundi ya kazi hii kwa hakika ni kiyeyusho: huilainisha polistirini ya pande zote mbili, minyororo ya huku ikapenya ya kule, na kiyeyusho kikisha kuvukiza hewani hapabaki mpaka. Fundi hubana mpaka plastiki laini itokeze kama ushanga, huacha siku moja au zaidi, kisha husugua ushanga ule ukalingana na ngozi. Wino mweusi wa kujaza mifereji ya ngao huenda wenyewe kwa mvuto wa mianya, ukigusa ncha ya kalamu mahali pamoja tu. Lakini kiyeyusho chake kikilowesha kiungo cha plastiki ya ABS kilichobanwa, huingia penye mkazo na kukipasua, pengine usiku ambapo hakuna aliyekigusa.

Mwisho hupulizwa vanishi isiyong'aa, ambayo kwa kutawanya mwanga huondoa mng'aro wa plastiki na kuifanya sanamu ionekane nzito. Afanyaye hivyo Mombasa au Unguja wakati wa masika ajihadhari: kiyeyusho kinapovukiza hupooza uso wa sanamu chini ya joto la hewa, na hewa iliyojaa unyevu huacha pale umande usioonekana, vanishi ikageuka ukungu mweupe. Huo hauhusiani kabisa na lile doa la koleo, ingawa kwa mbali hufanana.

Mashindano ya ulimwengu ya sanaa hii yalianza mwaka 2011, na huko waamuzi hutazama pia ubunifu na mandhari; hayo sina ugomvi nayo. Amma kwa sanamu moja iliyo mkononi, ningeanza kwa kuitikisa. Nikisha kujua viungo vinashika, ningetafuta vikonyo chini ya kwapa na nyuma ya magoti, mahali fundi alipodhani hapatatazamwa, halafu kibandiko, kama kina mng'ao wa fedha pembezoni, dalili kwamba hewa ilinaswa chini yake. Rangi ningeiacha mwisho. Msomaji wa Maskati, aliyekua akimtazama Grendizer, roboti mwingine wa katuni za Kijapani aliyetiwa sauti za Kiarabu kule Lebanoni, huenda akaona ubaridi katika hukumu ya namna hii, naye ana haki: jitu la utotoni halikaguliwi makwapa.

Kila sanamu iishapo hubakiza fremu tupu, na tangu mwaka 2021 Bandai hukusanya fremu hizo, zikasagwa na kuyeyushwa kuwa vielelezo vipya. Rangi zilizochanganyika hazitenganishiki tena, hivyo majitu hayo ya plastiki iliyorudiwa hutolewa meusi. Watu hudhani hayo ni ya wanafunzi, kwa kuwa ni ya rangi moja; kumbe doa la koleo, ambalo juu ya plastiki nyeupe hujificha, juu ya nyeusi huonekana hata na mtu aliyesimama mlangoni, na kwa fundi anayetaka kujua mkono wake umefika wapi sijaona mtihani ulio mkali kuliko huo.