Mikanju ya Newala na Maradhi ya Unga



Mwezi wa Julai uliopita tulikwenda bara, sisi wanne wa Kamati, na sababu ya safari ni hii. Wanachama kadhaa wenye mashamba ya maweni, mahali ambapo mkarafuu haushiki, wametuomba tuwaagizie miche ya mikanju kutoka Mtwara. Tuliona si vema kununua mti kwa kusikia. Basi tukashika njia ya Lindi, Mingoyo na Masasi, penye vile vilima vya majabali matupu, kisha gari likapanda mlima mpaka Newala.

Juu ya Uwanda wa Makonde hapana mto. Ardhi ni mchanga mwekundu, na mvua ikinyesha humezwa mara moja. Masika yao huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei, kisha ni kiangazi kitupu hadi mwaka ugeuke. Zamani watu waliteremka mabondeni kuteka maji, hata katika miaka ya 1950 yakajengwa mashine za kuyasukuma juu. Mkarafuu wetu hapo usingemaliza mwaka. Mkanju (wenyewe huuita mkorosho) hupeleka mizizi chini sana, nao hutoa maua katikati ya ukavu huo, tangu Juni hata Septemba. Mti huu asili yake ni Brazili, nao Wareno ndio walioufikisha pwani yetu. Lakini ukiutazama Newala utadhani uliumbwa pale.

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 zilipatikana tani 16,500 tu, au pungufu kidogo. Tulimwuliza mwenyeji wetu, mzee mwenye shamba karibu na mji, mambo yalikwendaje hata yakafika hapo. Alitujibu kwa kutupeleka shambani alfajiri, kabla ya chai.

Baridi ilikuwa kali, tukajifunika kanga za wenyeji bila ya haya. Majani yote yalilowa umande. Mzee akashika shada la maua, tukaona limepakwa unga mweupe kama mtu aliyetoka kinuni. Ndiyo maradhi waitayo ubwiriunga, nayo ni kuvu. Yalitambuliwa nchini mwaka 1979. Mvua huyaosha, kwa hiyo kuvu hilo halistawi katika masika. Lipendalo ni kiangazi chenye usiku wa baridi na hewa yenye unyevu, yaani wakati ule ule mkanju unapochanua. Ua likishikwa hukauka na kuanguka, na kijikorosho kichanga hutoka magamba. Mti wenyewe haufi. Husimama na majani yake, umenawiri, wala hauzai. Mwenzetu mmoja alisema afadhali mti ufe, mtu ajue.

Lakini mzee hakukubali kuilaumu hewa peke yake. Alisema umande ulikuwapo tangu enzi za baba yake. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, mashamba yakabaki mbali, bei nayo ikawa haimlipi mtu nauli ya miguu yake. Magugu yakapanda, matawi yakashikana, chini kukawa giza. Katika giza hilo machipukizi laini huota shinani, na kuvu hukaa humo likingoja maua. Akatuonyesha sehemu mbili za shamba lake: moja miti imesongamana, nyingine ameikata kwa kuacha nafasi ya mita 12 kila upande, jua linafika chini. Hatukuhitaji kuelezwa zaidi. Maua tuliyaona kwa macho.

Dawa yao ya kwanza ni salfa ya unga, kiasi cha robo kilo kwa mti, hupulizwa kwa mashine asubuhi mapema, upepo umetulia na jani lina umande wa kuinasa, na hurudiwa kila wiki mbili msimu mzima. Ni gharama, na kwa miaka mingi huitia ardhi ya mchanga uchachu. Ndiyo maana wengine sasa hutumia dawa za maji, na Kituo cha Utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimechagua miti inayostahimili maradhi na kuwafundisha wakulima kuibebesha.

Tuliporudi, mwanachama mmoja alituambia kwamba hayo hayatuhusu, kwani karafuu huchumwa ingali tumba, ua halingojwi. Ni kweli, na tunamshukuru. Maradhi yetu makubwa, yale ya mkarafuu mkubwa kukauka ghafla na majani yake, huanzia mizizini. Lakini mashamba ya eka tatu yaliyoachwa mwituni tunayo, na mikarafuu iliyokufa imesimama humo bila ya kung'olewa, pembeni mwa jirani apaliliaye. Wenzetu wa mwani nao wanajua: mbegu ni ile ile waliyopanda mwanzo, bahari imepata moto, na mwani mnene hunyauka kambani.

Kuhusu miche: mwaka 2012 katika wilaya ya Mkuranga, mkoa wa Pwani, yaligunduliwa maradhi mengine ya mikorosho, ya mnyauko, ambayo kuvu lake hukaa ardhini na huua mti mzima. Udongo katika kikopo cha mche waweza kulibeba. Kwa hiyo Kamati imesimamisha uagizaji. Wenye haja wapeleke majina kwa Karani kabla ya mkutano ujao, na Bwana Shamba ataombwa aje atueleze namna ya kupata mbegu safi na kuotesha miche hapa hapa kisiwani. Aliyekwisha kuleta miche yake kwa mashua, nasi tunajua wapo, asiipande bado. Aje atuone, hatutamgombeza.